Vya Kwetu

Disemba ikifika, Nyabiyonza, Karagwe, hupokea wataalamu wa asili: watoto wa nyumbani walioshuka kutoka Dar es Salaam na miwani ya jua. Wanatafuta "kitu cha kienyeji" cha kuwapelekea wenzao ofisini.

Mama anatoa kikapu chenye mfuniko, kimesukwa kikakaza hata kidole hakipati pa kupenya. Anataja bei. Mtaalamu anaruka: "Mama, kwa nyasi hizi tu?" Anaomba nusu bei, kisha aongezewe kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya harufu, ikakaushwa na kufungwa kwenye maganda ya mgomba. "Chukua, mwanangu," anajibiwa. Ukarimu huku ni wa zamani. Mkama Rumanyika wa Karagwe alimkirimu hata Speke, mpelelezi wa Kiingereza, mwaka 1861, na sijasoma popote kwamba Speke aliomba punguzo.

Akirudi mjini, mtaalamu anaona zawadi hazitoshi. Anakwenda Mwenge, kwenye soko la vinyago. Ananunua kinyago cha Kimakonde na picha ya tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na mchoraji kutoka Tunduru, miaka ya 1960. Bei imetajwa kwa dola, kwa hiyo hapatani. Kupatana kwa dola ni ushamba. Kesho yake anavigawa ofisini: "Haya ndiyo mambo ya kwetu Karagwe!"

Kikapu kiko bafuni, kinatunza nguo chafu. Mgeni mmoja alikisifu sana, akauliza kama kimetoka Japani.

Mtaalamu aliitikia kwa kichwa.