Gari Lililokunywa Maji ya Watoto

Mabanga, kwa Kilingala, ni mawe. Aliyeupa mtaa wetu jina hilo hakukesha akilitafuta. Kiwanja ni mawe, ukuta ni mawe, barabara ni mawe, na chanzo cha mawe hayo sote tunakijua, kiko upande wa kaskazini: Nyiragongo, mlima wa volkano. Mgeni akifika Goma huyapiga picha mawe hayo. Sisi tunayaweka nyuma ya tairi gari likizimika. Mimi nina langu mwenyewe. Limekaa kwenye buti la gari mwaka wa tatu sasa, na watoto wamelibandika jina ambalo siliandiki hapa, kwa kuwa ni jina la mjomba wao.

Gari lenyewe ni la Kijapani, kama mengi ya mji huu. Lilimtumikia mtu kwao hadi akalichoka, likavuka bahari, likashushwa pwani, likapanda milima ya Afrika Mashariki, likanifikia limechoka kuliko mimi. Aina yake siitaji, lisije likanishtaki. Usukani wake uko kulia, na sisi Wakongomani tunaendesha upande wa kulia. Kwa hiyo nikitaka kulipita lori, ni lazima nimuulize aliyekaa kushoto kama mbele kuna kinachokuja. Ndoa yangu imepimwa nyuma ya malori mengi.

Tena kila asubuhi nikiliwasha, mwanamke aliyejificha ndani ya dashibodi husema maneno kadhaa kwa Kijapani, kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu. Mama watoto humwita "mke mwenzangu". Mimi niliamini huyo ndiye pekee anayeujua ugonjwa wa gari hili, na kwamba amekuwa akinieleza kila siku, ila lugha ndiyo inayotutenga.

Ugonjwa ulianza katika mtaa wa Birere. Nilikuwa katikati ya msongamano, mbele yangu chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, imepakia mkaa, nyuma yangu motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anapiga honi kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza ile chukudu. Mshale wa joto ukapanda hadi kwenye rangi nyekundu, na mvuke ukatoka chini ya kapo, yaani boneti. Nikashuka, nikaweka jiwe langu, nikaomba maji.

Hapo ndipo mateso yalipoanzia, maana maji Goma si kitu cha kuombwa hivi hivi. Ziwa Kivu liko mlangoni, linang'aa, watalii wanalisifu, lakini bomba la mtaani linaweza kukohoa hewa wiki nzima. Maji yanakuja kwa bidoni za njano za lita 20, mgongoni mwa mtu, juu ya baiskeli au juu ya chukudu, na kila bidoni ina bei yake. Tangu siku ile, bidoni moja ya nyumba ikawa ya gari. Siku ya tatu Mama watoto akasimama mlangoni, mkono kiunoni:

"Papa, iyi gari yako leo imeoga mara mbili. Mutoto wako hajaoga hata mara moja."

Sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta fundi.

Kutafuta si neno lake. Goma hutafuti fundi. Unafungua kapo tu. Ndani ya dakika mbili vichwa saba vimeinama juu ya injini, na wa nane anauliza kuna nini. Zamani kule Kinshasa walikuwapo watu walioitwa wabunge wa kusimama, waliokuwa wakisoma vichwa vya habari kwenye magazeti yaliyotandazwa njiani na kuiongoza serikali kutoka palepale. Wa kwetu wanaongoza radieta. Kijana mmoja akaing'oa kalostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye radieta. Akasema, "Iyi ni kitu ya bazungu ba ku baridi," akaitupa juu ya mawe. Mwingine akaniambia nisikaze kifuniko cha radieta, "ili gari ipumue". Wa tatu alikuwa na betri ya kuuza. Nililipa wawili, nikaikataa betri, na gari likachemka tena kabla sijafika Mabanga.

Basi nikakumbuka kwamba nami ni mtu wa karne hii. Simu yangu ina grupu ya WhatsApp ya wenye magari: watu mia kadhaa, wa Goma, Butembo, Bukavu, na wengine walioko ughaibuni ambao gari la Kongo wanalikumbuka kwa mapenzi kwa sababu hawaliendeshi. Nikanunua mega za intaneti, nikaandika:

"Gari yangu iko mugonjwa. Munisaidie."

Maneno matano. Nikayaona mazuri, mafupi, yenye heshima. Nikaketi kungoja hekima.

Wa kwanza akaniambia pole. Wa pili hadi wa kumi wakatuma mikono iliyofumbatana. Mchungaji mmoja akaandika tuliombee hilo gari, watu sita wakajibu amina. Mmoja akauliza, "Uko nauzisha bei gani?" Mwingine akasema ni betri, nikamshuku kuwa ni yule yule aliyetaka kuniuzia. Mwingine akasema ni joint ya culasse, yaani gasketi ya kichwa cha injini, na kwamba niuze shamba. Akatokea mwenye kiwanja Mugunga, mita 10 kwa 15, hati zote tayari. Huyo sikujua ananijibu mimi au anamjibu yule wa shamba.

Halafu ikaja odio ya dakika sita. Mnajua wanamuziki wetu wanavyotaja majina ya matajiri katikati ya nyimbo. Desturi ile nayo huitwa kutupa mabanga. Bwana huyu alitupa mabanga dakika nne nzima: salamu kwa wakuu wa grupu, kwa shemeji yake wa Uvira, kwa vijana wa parkingi. Dakika ya tano alikohoa. Dakika ya sita akasema, "Kuhusu iyo gari, Papa, itategemea," mega zangu zikaisha.

Nilikasirika. Nikamwambia Mama watoto kwamba watu wa siku hizi wana roho ya mawe. Akaniomba simu, akausoma ujumbe wangu, akaurudia kwa sauti, akanitazama.

"Ukienda ku hopitali, unamwambia docteur 'niko mugonjwa', kisha unafunga kinywa?"

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikuyaficha maradhi. Niliyatangazia watu mia kadhaa. Nilichoficha ni aina ya maradhi yenyewe. Sikusema gari la aina gani wala la mwaka gani. Sikusema linachemka au haliwaki au limeibwa. Nilirusha jiwe gizani, nikawalaumu watu kwa kutosema yalaa.

Nikajirekebisha, nikavuka kipimo. Nikaamua kuwapelekea sauti ya injini. Saa kumi na mbili asubuhi nikafungua kapo, nikashika simu, nikarekodi dakika nzima. Majibu yakamiminika, na safari hii yalikuwa na elimu: pistoni imekwisha, pete zimelegea, linakula mafuta, Papa, hiyo injini haimalizi mwezi. Mafundi watatu wasiojuana, miji mitatu, neno moja. Nililala vibaya. Kesho yake niliisikiliza odio ile tena, taratibu, nikatambua kwamba inayosikika vizuri ndani yake ni jogoo, kwaya ya jirani, na jenereta ya jirani mwingine. Gari langu lilikuwa nyuma kabisa, linanong'ona. Mafundi walikuwa wameipima jenereta. Na haki yao niwape: jenereta ile ilikufa wiki mbili baadaye, kwa ugonjwa ule ule walioutaja. Jirani alipoomboleza, nilitazama chini.

Nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza: nikarudi nyuma kusoma ya zamani. Na kweli, miezi michache iliyopita, ndugu mmoja wa Butembo aliandika kila kitu. Gari kama langu. Linachemka kama langu. Maelezo mistari kumi, safi, hata nikamwonea fahari. Nikashuka chini kutafuta dawa, moyo ukidunda. Siku tatu baadaye ameandika: "Imeisha. Aksanti sana." Basi. Ilikwishaje, hakusema. Nimemwandikia mara nne, hajibu. Kwenye wasifu wake ana picha ya ua.

Wokovu ulitoka kwa mzee mmoja mwenye gereji kule Ndosho, mtu ambaye katika grupu huandika mara moja kwa mwezi, kama anayelipia herufi. Safari hii nilikuwa nimeandika kama mtu mzima: aina ya gari, mwaka, ile namba iliyo kwenye kibati cha injini chini ya kapo, ugonjwa ulianza lini, nani ameng'oa nini. Mzee akajibu kwa swali moja:

"Papa, inachemka ikisimama ao ikikimbia?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Hata mimi sikuwa nimejiuliza. Nikafikiri: Birere, nimesimama. Kwenye foleni ya mafuta, nimesimama. Njia ya Sake, nikienda mbio, mshale unatulia kama mtoto wa mchungaji.

"Ikisimama, Mzee."

"Basi angalia feni. Ikikimbia, upepo wa njia unapoza radieta. Ikisimama, feni njo inapaswa kupoza. Na kifuniko?"

Nikamwambia kifuniko nimekilegeza ili gari lipumue. Mzee akakaa kimya dakika kumi. Kisha akaandika ujumbe mrefu kuliko wote aliopata kuandika. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Huku maji hayangoji nyuzi 100, yanachemka karibu na 95. Kifuniko cha radieta kinabana mvuke makusudi, ili maji yapande zaidi ya nyuzi 20 juu ya hapo kabla ya kuchemka. Ukikilegeza, umeligeuza gari sufuria ya maharage. Na ile kalostati, akaongeza, si ya wazungu. Nirudi nikaiokote, au ninunue nyingine.

Nikakaza kifuniko. Nikaliacha gari likinguruma limesimama, nikaitazama feni. Haikusogea. Mzee akanielekeza kwenye kisanduku cha fyuzi: moja imeungua. Hapo nami nikataka kuonyesha ufundi, nikamwambia nina karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. "Usiguse," akaandika. "Fyuzi haiungui bure. Fuata waya." Nikaufuata. Ulikuwa umesuguana na chuma hadi ukabaki uchi, kazi ya mawe yetu na kutikiswa kwake kwa kila siku. Tepi kidogo, fyuzi mpya ya franga 1,000. Feni ikazunguka. Nilikuwa nimekwisha kutumia bidoni ambazo Mama watoto amezihesabu na mimi sitaki kuzihesabu.

Nikashika ujasiri, nikarekodi na yule mwanamke wa dashibodi, nikauliza kama kuna anayesikia Kijapani. Kijana wetu mmoja anayesoma Japani akajibu mara moja. Bibi huyu hajui lolote kuhusu radieta. Miaka yote hii amekuwa akiniambia kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Mama watoto akacheka hadi akakaa chini. Mimi nilimhurumia. Yeye naye amekuwa akirudia ombi lile lile kila asubuhi, kwa watu wasiojua anataka nini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, gari lako likiugua na ukataka watu wakusaidie kwa simu, sema ni gari gani na la mwaka gani. Sema linaumwa lini: likiwa baridi au moto, likisimama au likikimbia, mvua au jua. Moshi ukitoka, taja rangi yake. Taja na yule kijana aliyeng'oa kitu, hata kama unaona aibu kwamba ulimlipa. Ukirekodi sauti, ngoja kwanza jirani azime jenereta. Anayekusaidia yuko mbali, mikono yake haifiki; anachoshika ni maneno yako tu. Na kabla hujauliza, soma yaliyoulizwa jana.

Mimi nimekwisha kuandika yangu yote kwenye grupu: dalili, feni, waya, kifuniko, bei ya fyuzi. Wa kwanza kunijibu ameuliza nauza bei gani. Si kitu. Yapo pale, atayakuta mwingine aliyekwama Birere.

Na wewe ndugu wa Butembo mwenye picha ya ua, nakusihi kwa heshima zote: gari langu limepona, lakini bado nataka kujua. La kwako lilikuwa na nini? Rudi useme.