Namna ya Kutajirika kwa Rupia ya Mjerumani

Rupia moja inatosha. Kama bibi hakukuachia, zunguka Ngamiani hapa Tanga. Hukosi mtu mwenye shemeji aliyechimba shimo la choo akakuta mtungi.

Ukishaipata, usiisome. Ukisoma utakuta upande mmoja Kaisari Wilhelm II na masharubu yake, kavaa kofia ya chuma iliyotuliwa na tai. Zile za mwanzo, za 1890, upande wa pili zina simba na mtende, na jina la Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Hapo ndipo pabaya, maana utaanza kuuliza maswali. Kampuni hiyo ilikodi pwani hii kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1888. Mwaka huohuo Abushiri bin Salim na watu wake wakaitimua Pangani. Ikabidi Berlin ilete askari. Abushiri akanyongwa Desemba 1889, kampuni ikajichorea simba. Hadithi tamu, lakini haiongezi bei.

Usiipime pia. Mizani itakuambia gramu 11.66, uzito uleule wa rupia ya India ambayo wafanyabiashara wa pwani walikwishaizoea, na Mjerumani hakuwa mjinga wa kuwabishia. Sonara naye atakutajia bei ya gramu za fedha. Mtu mwenye mawazo mafupi kama huyo, mwage.

Ikinaswa na sumaku, wasiojua watasema ni bandia, eti fedha hainaswi. Wewe sema, "Hii ina nguvu."

Kisha isugue kwa majivu na ndimu mpaka Kaisari abaki kidevu kitupu. Wakusanyaji wa Ulaya hulipia masharubu, lakini wewe unataka ing'ae.

Mtu akikuletea fedha ya kale ya Athens, kataa. Ni nzito, gramu 17 hivi, na ina umri wa miaka zaidi ya 2,400, ila nyuma wamechora bundi. Nani Tanga hii atalala nyumba moja na bundi?

Bei anzia milioni mia. Mnunuzi akitoa lenzi, mwahi kwa kahawa na kashata, umwambie mzigo wenyewe uko Muheza kwa mzee mmoja. Aking'ang'ania mwende, mzee kasafiri. Nauli yako ya kumfuata ailipe yeye, kabla hajamaliza kahawa.