Mizani ya Sultani Kima

Paliondokea nchi ng'ambo ya milima saba, nchi ya miembe na michungwa, ambako mgeni hakuulizwa ukoo wala atokako kabla hajamenyewa tunda. Maembe yake yalikuwa ya kila namna, dodo na bolibo, ngowe na sindano. Mapera yalijiangukia njiani, mafenesi yakapasuka kwa kukosa mlaji, na watoto walirudi jioni ndimi zimewageuka rangi kwa zambarau. Mtawala wa nchi hiyo alikuwa Sultani Kima, ambaye babu zake walizaliwa juu ya matawi na kufa juu ya matawi, wakila matunda umri wao wote, na katika kumbukumbu za nchi hapakuwa na habari ya hata mmoja wao aliyeuawa na embe.

Siku zikapita, akaja Fisi kutoka upande wa pili wa mto na vibuyu vya maji mekundu yenye mapovu, matamu kupita kiasi. Mwanzoni hakuyauza. Aliyagawa bure harusini na matangani, mpaka yakawa ndiyo heshima yenyewe, na mgeni asiyewekewa kibuyu akajiona amedharauliwa. Chai nayo ikazidi kukolezwa, kwa kuwa ulimi uliozoea maji ya Fisi haukuiona tena ladha ya kijiko kimoja. Sultani akaacha kupanda miti, akatengenezewa kiti cha enzi kivulini, akawa analetewa kibuyu asubuhi, adhuhuri na usiku. Baada ya miaka michache akashikwa na kiu isiyokatika. Usiku akawa anaamka kila mara kwenda haja ndogo, macho yakaingia ukungu, na kidonda cha mguuni kikakataa kupona.

Akaitwa Kasuku. Kasuku hakuwa mganga. Alikuwa ametundikwa kwa muda dirishani kwa tabibu wa nchi ya mbali, akasikia maneno mengi na kushika machache. Lakini sauti yake ilikuwa safi, manyoya yake yaling'aa, na kila asubuhi alihutubia kutoka tawi la juu kabisa, wanyama wakikusanyika chini kumsikiliza kabla hata hawajanawa nyuso. Akamtazama Sultani, akasema, "Maulana, damu yako imejaa sukari." Hilo lilikuwa kweli. "Na sukari ni sukari, itoke itokako." Umati ukaguna kwa mshangao. "Sasa niambieni, mtini mwetu kuna kitu gani kitamu kuliko vyote?" Wote wakajibu kwa kauli moja, "Embe!" Kesi ikaishia hapo.

Naomba msikilizaji atulie kidogo mahali hapa, maana Kasuku hakusema uongo. Embe lina sukari, chungwa lina sukari, na hata pera chachu linayo yake. Ila alichukua neno la kweli akalikata nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na uhai wa watu ndani yake.

Mbiu ya mgambo ikalia: asionekane kiumbe na tunda lisilopimwa, wala asile lililokutwa na sukari. Mizani ikasimikwa kwenye lango la shamba, Nyuki akawekwa kuwa mpimaji, kwa sababu hapana aujuaye utamu kumshinda. Alionja na kutaja hesabu kwa vijiko vya chai, wala hakukosea: chungwa la kadiri, vijiko 3, ndizi mbivu, vijiko 3 na nusu, embe dodo kubwa, zaidi ya vijiko 10. Kasuku akaishika hesabu hiyo ya dodo, akairudia asubuhi hadi jioni, mpaka akina mama wakawa wanawafumba watoto macho wakipita chini ya miembe.

Mlinzi wa lango alikuwa Ngiri, mtumishi mwaminifu kweli kweli. Alikaa pale tangu alfajiri, birika la chai ubavuni, kila kikombe akikitia vijiko 4, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kunywa vikombe 6. Kati ya kikombe na kikombe alimnyang'anya mtoto wa Digidigi pera dogo lenye vijiko 2. Nyuki alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye birika lile, akinusa kila kilichomo. Lakini amri ilitaja matunda, na Nyuki hakupima asichoagizwa. Kila ninapoifikia sehemu hii ya hekaya huingiwa na uchungu, kwa sababu katika lango lile hapakuwa na mwovu hata mmoja. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa.

Ikulu, hata hivyo, ilizikumbuka ladha za zamani. Ndipo Popo akaleta shauri: "Sisi hulitafuna tunda, tukameza maji yake na kutema makapi. Kamueni, Maulana, tupeni makapi, mnywe." Kasuku akapekua sheria, akatoa fatwa kwamba iliyokatazwa ni kula, kunywa hakukutajwa. Basi machungwa 4 yakawa yanaingia katika glasi moja, na Sultani akaikata kwa pumzi moja, akaletewa nyingine. Hakuna aliyekumbuka kwamba Popo huruka usiku kucha akiunguza alichokunywa, ilhali Sultani alikuwa hajainuka kitini tangu kaskazi ianze kuvuma. Asali nayo ikaruhusiwa kwa hoja kwamba imetoka porini. Kasuku mwenyewe akaanza kuuza unga wa kijani, kifuko kimoja kwa bei ya vikapu vitatu vya machungwa, akisema una nguvu zote za tunda pasipo tunda.

Msimu ulipogeuka, nchi ikaanza kuugua. Wazee walifunga choo siku nyingi. Watoto wakatoka damu kwenye fizi. Na Hondohondo, ambaye alikuwa akila matunda na kumwaga mbegu msituni kote, akahama, miche michanga ikakosekana. Kiu ya Sultani ikazidi. Kasuku akapanda tawini akatangaza sababu: wapo wanaokula matunda kwa siri. Wakaanza kupekua nyumba.

Katika upekuzi huo wakamkuta Bibi Ndovu, mzee aliyerudi karibuni kutoka safari ya mbali, mdomo umejaa embe na kokwa lake. Wakamfikisha barazani. Hakukana. Aliomba machungwa 8 na ruhusa ya kumhudumia Sultani kwa mkono wake.

Machungwa 4 aliyamenya, akamwomba Sultani ayale na nyama zake zote. La kwanza likaenda vizuri; la pili likatafunwa polepole; la tatu Sultani aliliacha nusu, akapangusa mikono, akasema amekinai. Bibi Ndovu akangoja mpaka kesho yake saa ile ile, akayakamua yale 4 yaliyobaki. Sultani akaimaliza glasi kabla Ngiri hajamaliza kupiga saluti, kisha akauliza chakula kitakuwa tayari lini.

"Umejionea, Maulana," akasema. "Utamu wa chungwa umefungwa ndani ya vijumba vidogo visivyohesabika, na kuta zake ni nyuzinyuzi. Jino lazima livunje, tumbo lazima lifumue, na sukari huingia katika damu polepole, nawe unashiba ungali njiani. Ukikamua, umevunja kuta zote kwa mkono na kuzitupa. Sukari huingia kwa kishindo, na tumbo halina habari kama limekula."

Mtunza hazina akauliza, "Basi mgonjwa naye ajilie tu apendavyo?"

"Hapana, mwanangu. Mwenye maradhi ya Maulana ana kipimo chake: kipande cha embe, wala si dodo zima kwa mkao mmoja. Tende imekauka, utamu wake umejikusanya, chache zinatosha. Na awasikilize wanaompima damu, asiache dawa kwa maneno yangu. Lakini msimnyime chungwa huku mmemwekea kibuyu kitandani."

Kisha akamwagiza Nyuki aonje asivyowahi kuagizwa. Nyuki akaonja. Glasi ya machungwa yaliyokamuliwa, vijiko 7. Kibuyu cha Fisi cha ujazo wa nusu lita, vijiko 13. Chai ya Ngiri ya asubuhi moja, vijiko 24. Baraza likanyamaza, Ngiri akatazama chini.

Bibi Ndovu akawaeleza alikotoka. Kando ya ziwa moja, katika nchi ya theluji, hukutana wazee wa mataifa yote kuhusu afya ya viumbe, na mwaka 2015 waliandika shauri lao: kwa mtu mzima wa kawaida, sukari ya kutiwa isizidi kama vijiko 12 kwa siku, na ikishuka hadi 6 ni bora zaidi. Humo waliingiza asali, na maji ya matunda yaliyokamuliwa wakayaingiza pia. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima waliiacha nje ya hesabu, kwa kuwa hawakuona ushahidi wa madhara yake. Na wazee hao hao huhimiza kila mmoja apate walau gramu 400 za matunda na mboga kila siku.

Sultani akahukumu palepale kwamba mizani iondoke shambani iende jikoni, Fisi apime vibuyu vyake hadharani kabla ya kuuza, na Kasuku asihutubie habari za mwili wa mtu mpaka asome hadi mwisho kile alichokisikia nusu. Ugonjwa wa Sultani haukuondoka kwa hukumu ile, maana kiu ya namna hiyo ikishaingia mwilini aghalabu hukaa. Alibaki na dawa zake na kipimo chake umri uliosalia. Watoto wa nchi ile wanakula maembe, na kibuyu hawapewi.