Barua ya Wazi kwa Wanaotilia Shaka Kurudi Kwetu

Kwa Ofisa wa Viza,
Ubalozi (jina nalihifadhi, maana mwakani tunaomba tena).

YAH: MASHAKA YENU JUU YA NIA YETU YA KURUDI NYUMBANI

Mheshimiwa, shikamoo. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Tumepokea barua zenu nne, zote zimetiwa tiki kisanduku kilekile: mna mashaka kama tungeondoka Schengen kabla ya viza kuisha. Asanteni kwa kutufikiria kwa kina. Sisi tulidhani tunakwenda na marafiki kuitembelea milima ya Alps, Uswisi, Austria na Italia, tupige picha na ng'ombe wenye kengele shingoni. Kumbe tulikuwa tunahama na hatujaambiana.

Asanteni pia kwa vidole. Tulipanda basi kutoka Moshi hadi Dar es Salaam, tukachukuliwa alama za vidole kumi kumi, na alama hizo zinahifadhiwa huko kwenu miaka mitano. Kwa hiyo vidole vimeingia Ulaya. Wenye vidole tumerudi Moshi.

Sasa, kwa kuwa taarifa ya benki, barua ya mwajiri, hati ya kiwanja na bima ya euro 30,000 havikuwatuliza, tunaomba ubalozi ufungue Dirisha la Wanaotudai. Mwenzetu mwalimu ni mshika ufunguo wa kikoba. Sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu, wanawake watatu; akikosekana mmoja, halifunguki, na Desemba ni mwezi wa kugawana. Waiteni wanakikundi. Watakuja na vitenge vya sare, watapanga foleni tangu alfajiri kama ilivyo desturi ya hapo kwenu, watamwachia muuza maji wa ng'ambo ya barabara simu zao kwa elfu moja moja. Kisha mwenyekiti atainamia kile kitundu cha kwenye kioo na kuwaeleza, kwa sauti isiyohitaji kipaza sauti, atakachomfanya mwalimu asiporudi na ufunguo. Mkalimani hatahitajika. Baada yake apite fundi cherehani aliyelipwa nusu, baba mwenye nyumba, na mama mkwe wangu, ambaye atataka kwanza kujua kwa nini hakukaribishwa kiti. Jioni mgonge muhuri mpya kwenye pasi zetu: ATARUDI, ANADAIWA.

Lakini mwombaji mwenzetu wa nne ndiye anayenitoa kwenye adabu. Ni mwongoza watalii Kilimanjaro. Horombo, mita 3,720, kwake ni mahali pa kunywa chai. Alitaka mara moja maishani apande mlima akiwa amekaa: treni ya Jungfraujoch, inayowapeleka watu hadi mita 3,454 tangu mwaka 1912, bila begi la mtu mgongoni, bila kuuliza nani kichwa kinamuuma. Wageni kutoka kwenu anawajua hadi matapishi yao. Amewashusha usiku kwa machela ya gurudumu moja, yeye nyuma ameikaza isiserereke kwenye mawe, na wamerudi makwao wazima, kila mmoja akimwambia siku moja uje kwetu. Amekuja. Mmekula euro 90 zake, laki mbili na ushee, mkamwambia hamuamini kama atarudi kwa mkewe. Mtu mnayemkabidhi roho zenu gizani! Hivi mnapotia hiyo tiki huwa mnasoma hata jina?

Samahani, Mheshimiwa. Ni hewa ya mwinuko.

Mengine ni madogo. Hela mturudishie hata kwa awamu, tumezoea. Wenzenu wanaoshuka uwanja wa ndege wa KIA, wakalipa dola 50 na kugongewa muhuri wakiwa bado wanatafuta miwani ya jua, nao waulizwe japo kwa utani kama wana nia ya kurudi, maana Nungwi tunao waliosema wiki mbili na sasa wanatukodishia viti vya ufukweni. Na tukiruhusiwa, tunaahidi kutobeba jiwe kutoka kilele chochote. Mpanda mlima Hans Meyer aliondoka na la kilele cha Kibo mwaka 1889, na hatujasikia kwamba aliombwa taarifa ya benki.

Wenu katika ujenzi wa taifa (ambalo, kwa mujibu wa kisanduku chenu, tunalikimbia),

Waombaji wanne, Moshi.

Nakala: Mwenyekiti wa kikoba, ambaye ameshauliza nauli ya basi la kuja hapo ubalozini.