Mnara wa Mnarani

Jumamosi iliyopita, saa nne na dakika kumi asubuhi, niliingia baharini nikiwa na miwani ya jua puani, simu mfukoni na nusu sentensi mdomoni. Sentensi yenyewe ilikuwa, "Kutoka hapa juu, jamani, mtu unaona mpaka..." Mpaka wapi, hawakusikia wale watu thelathini na ushee waliosimama ufukweni Mnarani, wala wale wa bodaboda walioegesha pikipiki juu ya daraja la Kilifi ili watazame vizuri. Nilichoona mimi ni maji. Chumvi yake ingali kooni.

Kuanguka kwenyewe si neno. Watu huanguka. Kinachoniuma ni kwamba boti, ilipokwisha kututapika mimi na utingo wangu, ilisimama wima tena yenyewe, ikajitikisa mara mbili kama kuku aliyenyeshewa, ikatulia. Haikuingiza hata kopo moja la maji. Yaani mbele ya mashahidi wote hao ilitoa ushahidi kwamba kosa halikuwa la bahari, wala la mkondo, wala la upepo, ambao asubuhi ile usingeweza kupeperusha hata ncha ya leso. Kosa lilikuwa mizigo miwili iliyokuwa juu, na mizigo hiyo sasa ilikuwa ikiogelea.

Boti ni ya faiba, futi 19, injini ya farasi 40. Mnara nilioufunga juu yake ni wa mabomba ya maji. Naam, ya maji, yale yanayouzwa dukani kwa urefu wa mita 6, inchi moja na nusu. Nilinunua matano. Fundi anayechomea milango na keria za matatu akanichomelea miguu minne, ngazi upande wa kulia, jukwaa la mbao, kiti, na paa la turubai juu yake. Nilimuuliza habari za alumini, ambayo uzito wake ni kama theluthi ya chuma. Akaniangalia kwa huruma. "Kepteni, alumini ni ya masufuria." Kwa kweli hakuwa na gesi ya kuichomea, lakini fundi hakwambii hana kitu, anakwambia kitu hicho hakifai.

Bomba moja la namna hiyo lina kilo 21 na ushee. Matano ni zaidi ya 100, kabla ya mbao, kabla ya kiti, kabla yangu. Hesabu hii nimeifanya Jumapili.

Siku tuliyoufunga mnara, mzee mmoja wa ngalawa alikuja akauzunguka, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, na ndubi utazitia wapi?" Tulicheka sana, maana ndubi ni zile mbao za ubavuni zinazoizuia ngalawa isipinduke. Nilimwambia, "Babu, hii ni faiba, haihitaji ndubi." Akasema, "Haya," akaenda zake. Ile "haya" nilipaswa kuichunguza. Kwa wazee wa Pwani kuna "haya" ya kukubali, na kuna "haya" ya kukuachia Mungu.

Sasa ngoja nieleze mambo yanavyokwenda, maana tangu Jumapili silali, nasoma. Kila chombo kina nukta mbili zinazovutana. Moja ni ya uzito, inavuta chini. Nyingine ni ya maji, inasukuma juu, na makao yake ni katikati ya ile sehemu ya chombo iliyozama. Boti ikiinama kulia, upande wa kulia unazama zaidi, basi na ule msukumo wa maji unahamia kulia, unaingia chini ya bega lako na kukuinua. Ndiyo maana chombo hurudi. Si kwa uungwana wake. Maji yamekimbilia upande unaoanguka, yamewahi. Lakini ukiupandisha uzito juu, boti ikiinama uzito nao unatoka nje kulia, na kadiri ulivyo juu ndivyo unavyotoka mbali. Sasa ni mashindano ya mbio. Maji yakitangulia, unarudi. Uzito ukitangulia, basi maji yale yale yaliyokuwa yakikuokoa yanashika kazi ya kukupindua, kwa nguvu ile ile, bila kinyongo.

Aliyeyapanga haya kwa hesabu ni Mfaransa Pierre Bouguer, katika kitabu chake cha mwaka 1746 ambamo aliipa jina metasenta, ile nukta ambayo uzito ukiipita kwa juu, umekwisha. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho aliiandika akiwa kwenye milima ya Andes, alikotumwa kupima umbo la dunia. Mtu yuko mlimani, hana hata mtumbwi, anajua boti yangu itafanya nini Kilifi. Mimi niko majini, sijui.

Na dalili nilipewa. Kabla ya mnara, boti ilikuwa ikiyumba haraka haraka, kwa hasira. Inarudi mpaka inakupiga mbavu. Baada ya mnara ikaanza kuyumba polepole, kwa madaha, ikifika mwisho inasita kidogo kama bibi harusi mlangoni, ndipo inarudi. Niliwatangazia watu wote kwamba mnara umeituliza boti! Kumbe kusita kule ndiko kunakotisha. Boti inayorudi kwa hasira ina nguvu ya kurudi. Inayosita inajiuliza kama irudi.

Wasweden nao walipewa dalili. Mwaka 1628, kabla meli yao ya kivita Vasa haijaondoka Stockholm, mabaharia 30 waliamriwa wakimbie pamoja kutoka ubavu huu hadi ubavu ule kuijaribu. Walipokwenda mara ya tatu meli ikayumba vibaya, amiri akawasimamisha isije ikapinduka pale pale gatini. Kisha wakaipeleka baharini hivyo hivyo. Ilikwenda kama mita 1,300, upepo ukaipapasa, ikazama. Habari hii imenifariji kuliko pole zote nilizopewa na majirani.

Mimi sikuwa na mabaharia 30. Nilipanda peke yangu kwanza, boti ikainama kidogo, ikakaza. Nikapunga mkono. Watu wakashangilia. Hapo ningeshuka, leo ningekuwa mtu. Lakini nilitaka picha, nikamwita utingo apande. Ngazi iko kulia. Naye akapanda kulia. Nami, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikainamia kulia kumpa mkono. Kwa hiyo vyote vilivyokuwa juu vilikutana upande mmoja, na boti ikaanza kulala, si kwa kishindo, kwa upole mno, kama mtoto anayesinzia chuoni. Nilipata muda wa kusema sentensi yangu karibu yote. Utingo alipata muda wa kuniangalia usoni na kusema, "Kepteni, tunaenda." Tukaenda.

Utasema, kwani mnara wa nini? Kuona. Mvuvi hamtafuti samaki, anamtafuta shakwe; shakwe wakijumuika na kupiga mbizi, chini yao pana vibua, na chini ya vibua pana jodari. Ukisimama ndani ya boti, jicho liko kama mita moja na nusu juu ya maji, upeo wako hauzidi kilomita 4 na nusu. Ukipanda mpaka jicho lifike mita 4 na nusu, unaona kilomita 7 na nusu. Umepanda mara tatu, hukupata hata mara mbili. Macho bahari inakuuzia kwa kipimo cha kijiko, lakini uzito inakudai kwa gunia.

Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu. Ya pili ni dalali wa wageni pale hotelini, ambaye msimu mzima wa kaskazi amenirudisha nyumbani kwa maneno hayo hayo: "Boti yako haina ghorofa." Mgeni anataka ghorofa. Sulisuli ni yule yule, mkondo ni ule ule, mshipi wangu ni mzuri kuliko wa wenye ghorofa, lakini mgeni anatoka Ulaya kuja kupanda ngazi. Mgeni mmoja alinisimulia kwamba Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, kisha akaiangalia boti yangu na kuniuliza, bila ubaya, kama ni ya wakati ule. Dalali anachukua sehemu yake hata siku ambayo hakuamka kitandani. Mimi nanunua petroli.

Na huko nje ya miamba ziko meli kubwa za nyavu za kuzungusha, ambazo haziangalii shakwe kwa macho, zinawaona kwa rada. Zinaachilia maboya yanayopima samaki walio chini yake na kuwaripoti kwa setilaiti. Nahodha anakunywa kahawa, boya linamwambia jodari wako wapi. Mwaka 2019 kikomo katika Bahari ya Hindi kiliwekwa maboya 300 kwa kila meli. Kikomo! Mimi nilitaka kuongeza kilomita 3, nikachekwa na daraja zima.

Tulijaribu tena Jumanne, kwa farumi ya magunia manne ya mchanga chini. Boti ilituzoea, ila injini haikuweza kuinyanyua. Tulipitwa na ngalawa ya yule mzee. Hakutuangalia.

Jumatano tulipunguza miguu kwa msumeno. Mmoja ukawa mfupi.

Alhamisi nikaung'oa wote, ukasimama uani karibu na choo. Mwenye nyumba hakuuliza. Ijumaa asubuhi nilikuta ameunganisha mguu ule mfupi, mbao zimeimarishwa, na juu yake amepandisha tanki la lita 1,000, limejaa pomoni. Tani nzima, na mnara hautikisiki hata upepo ukivuma. Fundi alipita jioni akaupiga kwa kiganja, ngo, ngo, akasikiliza, akaridhika.

"Kepteni," akasema, "kwani ile boti yako ilikuwa na shida gani?"