Usiku Majini Walipoingia Luwowoshi

Annexe ndiyo komuni inayoizunguka Lubumbashi, na huku kwetu Luwowoshi umeme una saa zake. Mara nyingi huwaka usiku wa manane, na ukiwaka hakuna anayeendelea kulala. Mama hupiga pasi sare za shule, dada huwasha pampu na kujaza mapipa, simu zote hupangwa kwenye ralonji moja, waya wa kurefushia umeme. Mdogo wangu naye huwasha PlayStation 4 yake, akiipitisha kwanza kwenye stabilizeta kwa sababu umeme wetu huja kwa kishindo.

Usiku ninaousimulia alikuwa na binamu yetu. Kioo cha televisheni kimegawanywa sehemu mbili, huyu ni Chris Redfield, yule ni Sheva Alomar, wanacheza Resident Evil 5, ambayo kampuni ya Capcom ya Japani iliitoa Machi 2009. Hadithi yake inatokea Kijuju, mahali pa kubuni palipowekwa Afrika Magharibi. Mapema kabisa kuna uwanja uliojaa watu. Mtu mwenye megafoni amesimama juu, anauchochea umati, na mateka anauawa kwa shoka mbele ya wote. Kisha umati unawagundua Chris na Sheva ndani ya nyumba. Unaingia kwa mlango, kwa madirisha, hata kwa paa, na wao hawana la kufanya ila kuvumilia mpaka helikopta ifike. Kwangu mimi hicho ni kipande kikali kuliko vyote katika mchezo huo. Wanaoshambulia wanaitwa Majini. Nao, ingawa hapo ni Afrika Magharibi, wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Vijana walikuwa wameunganisha sauti kwenye spika mbili kubwa ambazo baba hukodisha kwa harusi na matanga.

Kambo, ndivyo tunavyomwita mzazi wa wazazi wetu, alikuwa ameingia mchana ule kutoka Kasenga, na furushi lake la samaki wakavu, akapewa chumba kinachopakana na sebule. Hajui Capcom, hajui Chris. Kilichomfikia kupitia ukuta ni megafoni, wanaume wengi wenye hasira, milango inayovunjwa na milio ya risasi, na maneno yenyewe ni ya Kiswahili. Lubumbashi, sauti kama hizo usiku zina maana moja tu: wezi. Nyumba zetu ziko mbalimbali, katikati yake kuna vichuguu virefu kuliko mtu na tanuri za matofali, kwa hiyo majirani wana kanuni: ukivamiwa, piga sufuria. Anayesikia hupiga ya kwake, na wa mbele yake vilevile, mpaka mtaa mzima uko macho.

Sufuria aliyoipata Kambo ilikuwa na sombe ya kesho, mboga ya majani ya mihogo. Aliitoa dirishani, akaipiga kwa mwiko wa bukari, ugali wetu.

“Bezi beko mu nyumba! Mwee, bantu, bezi beko mu nyumba!”

Sufuria zikaitikia mpaka ng'ambo ya barabara. Filimbi, mbwa, tochi. Mama alitoka na pasi ya moto mkononi. Baba alizunguka nyuma ya nyumba na panga. Wale vijana wawili hawakusikia hata chembe, kwa ukubwa wa spika. Jirani yetu mfyatua matofali, mwenye mabega yanayolingana na kazi yake, aliusukuma mlango wa sebule ukang'oka na bawaba zake, sekunde ileile ambayo Majini walikuwa wanavunja mlango wa Chris. Binamu alipiga ukelele akatumbukia nyuma ya kochi. Mtu akajikwaa kwenye ralonji. Giza.

Hasara ilihesabiwa asubuhi. Mlango mmoja. Sombe yote, iliyomwagika juu ya godoro la mgeni. Sare moja iliyoungua, maana mama aliporudi aliiweka pasi juu yake bila kutazama. Na majirani walinunuliwa soda, kwa sababu waliokuja kukuokoa hawarudi mikono mitupu. Siku hiyo nilijivunia mtaa wangu.

Kambo hakutaka kuombwa radhi. Alitaka kuonyeshwa hao watu. Umeme uliporudi alivuta kigoda mbele ya televisheni, akatazama bila kusema, mpaka Sheva alipojeruhiwa akaokota majani. Hapo aliinama mbele. Mdogo wangu akamweleza kwamba tangu mchezo wa kwanza wa mfululizo wa Resident Evil, wa 1996, jani la kijani huponya, na ukilichanganya na jekundu linaponya zaidi. Kambo, ambaye maisha yake yote amechuma dawa porini, akauliza wanalichemsha au wanalitwanga.

Kisha akauliza lingine. “Benye banasema sawa siye, njo bote babaya?”

Tulikaa kimya. Filamu ya kuutangaza mchezo huu ilipotoka 2007 ilizua ubishi, na mwaka uliofuata mwandishi wa Marekani N'Gai Croal aliikosoa hadharani kwa jinsi ilivyowaonyesha Waafrika. Ubishi ule ulihusu zaidi kilichoonekana. Kambo alianza na masikio. Sheva ni Mwafrika, jasiri, nampenda kuliko mashujaa wote wa mfululizo huu. Wazazi wake walikufa katika mkasa wa kiwanda cha Umbrella, kampuni ovu ya mfululizo huu, alipokuwa mtoto, na mtu aliyekulia karibu na bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines anaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Lakini Sheva na Chris wanazungumza Kiingereza. Kiswahili wamepewa wanaopigwa risasi.

Mdogo wangu alimwonyesha Kambo michezo mingine ya mfululizo. Jumba la Spencer la mchezo ule wa 1996 lilimchosha, ingawa mimi nalipenda: unahifadhi safari yako penye taipureta tu, tena ukiwa na utepe wa wino, na Annexe tunajua thamani ya kuhifadhi kabla umeme haujakatika. Mdogo wangu alipofika kwa Jack Baker, yule baba wa Resident Evil 7 ya 2017, anayemlazimisha mgeni kula uozo mezani kwake huko Louisiana, Kambo alisimama. Huyo, alisema, ndiye jini: mwenye nyumba anayeiangamiza nyumba yake mwenyewe. Nakubaliana naye kabisa. Hakuna adui mwingine katika mfululizo wote anayemfikia.

Si lazima Waafrika wawe maadui: huko Yaoundé, kampuni ya Kiro'o Games ilitoa mchezo wake, Aurion, mwaka 2016, na mashujaa wake ni Waafrika. Kwa hiyo inawezekana. Wanafunzi wa chuo kikuu huko Kasapa mnaosomea kompyuta, tutengenezeeni mchezo wa kutisha uliowekwa hapa, kati ya vichuguu, umeme umekatika, na anayezungumza kama sisi ndiye mwenye tochi na ufunguo. Kuhusu majani, njooni Luwowoshi mumuulize Kambo.