Barua ya wazi kwa Mwalimu Mkuu anayemtaka Vasco da Gama kufikia Jumatatu

Mwalimu Mkuu mpendwa,

Salamu kutoka kibandani, nyuma ya cherehani. Agizo lako la muhula huu limefika kama kawaida: Ijumaa jioni, kwenye simu ya mzazi, vazi la igizo la shule liwe tayari Jumatatu asubuhi. Vasco da Gama wa miaka 4. Koti la mahameli, kola ya marinda, suruali ya kufungwa kwa kamba. "Lastiki isitumike, haikuwepo zamani."

Hongera kwa kuilinda historia. Ila kola zile za marinda zilienea Ulaya katikati ya karne ya 16, na Vasco alikufa 1524. Lakini mimi ni nani? Kazi yangu kukunja, nikakunja hadi alfajiri.

Bwana huyo aling'oa nanga Lisbon Julai 1497, akafika Mombasa Aprili 1498. Yeye alipata miezi tisa. Sisi twapewa wikendi.

Ombi langu ni moja hasa: niruhusu nikushonee na wewe lako, mahameli hayo hayo. Nitakupima ukirukaruka, biskuti mdomoni, na vipimo nitakavyoambulia ndivyo nitakavyokatia. Bitana nitakuwekea nzito, kwa heshima ya baridi ya Ureno. Utalivaa saa mbili asubuhi, usimame uani juani hadi mgeni wa heshima ajaliwe kufika saa tano na nusu. Kola haitakuacha ugeuze shingo, kwa hiyo hutamjua anayekufinya nyuma. Wimbo wa taifa ukianza tu, mkojo utakubana. Utamtafuta mtu wa kukufungulia kamba zako za kihistoria, naye atakwambia ungoje. Hutangoja. Hakuna aliyewahi kungoja ndani ya suruali ile. Kisha utapanda jukwaani na umajimaji wako, useme "Nimefika Malindi", ushuke.

Mengine ni madogo. Picha ya mfano wa vazi ionekane vizuri. Fumo Liyongo, jitu la watu, asipewe mtoto mfupi kuliko wote. Na kwa nini kila mara Mreno? Mekatilili, shujaa wa Wagiriama, alikuwa wa pwani hii hii, na bibi yeyote wa Kigiriama atamfunga mjukuu wake hando, vazi lao la asili, bila kumlipa fundi hata senti. Najikatia riziki, lakini ndio ukweli.

Mama mmoja muuza mahamri alitoa pesa ya kodi ya chumba kununua mahameli yako. Mwanawe akasukumwa nyuma ya mstari kwa kuwa koti lilikuwa la buluu, si jeusi. Mtoto wa miaka minne! Hamwoni haya? Karo mmekula, na picha za nguo tulizokesha nazo ndizo mnazobandika kwenye bango la kutafutia wanafunzi wapya.

Samahani, Mwalimu. Sindano imenichoma.

Nanyi wazazi: Ijumaa agizo likija, msije kwangu. Jumatatu wapelekeni watoto wote na sare zao za shule, tuone nani atasukumwa nyuma.

Wako mtiifu,
Fundi, Mombasa